Namna ya Kuigawa Kazi Yako Vipande Kabla Mashine Haijaigawa

Katika duka langu la steshenari hapa Dodoma, swali ninaloulizwa mara nyingi siku hizi si bei ya kopi wala kama umeme umerudi. Makarani, walimu na makatibu muhtasi wanaoleta kazi zao, wakiniona ninanyoosha barua kwa programu ya akili mnemba, husimama kidogo kwenye kaunta kisha huuliza: "Sasa hii haitatumaliza?" Nimeacha kulijibu swali hilo kama linavyoulizwa, kwa kuwa mashine haiichukui kazi ya mtu yote kwa mkupuo mmoja. Huchukua kipande hiki, hukiacha kile, na kingine hukiharibu kwa namna ambayo huigundui mpaka mwenye kazi arudi amekunja uso. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuvitafuta vipande vya kazi yako mwenyewe, jinsi ya kuvijaribu kwenye mashine, na jinsi ya kuamua kipi ukikabidhi na kipi usikiachie.

Kwa nini tuhesabu vipande

Mwaka 2013 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Carl Benedikt Frey na Michael Osborne, walichambua aina 702 za kazi na kukadiria kwamba asilimia 47 ya ajira za Marekani zilikuwa katika hatari kubwa ya kufanywa na kompyuta. Miaka mitatu baadaye, watafiti wengine walioandika kwa ajili ya OECD, ambayo ni jumuiya ya nchi nyingi tajiri, walipima majukumu yaliyomo ndani ya kazi badala ya kuipima kazi kwa jina lake, na katika nchi 21 wakapata wastani wa asilimia 9. Mashine hazikupungukiwa nguvu katika miaka hiyo mitatu. Kilichobadilika ni kile kilichohesabiwa. Namba zenyewe ni za nchi ambako karani hulipwa mshahara mkubwa kiasi cha kuifanya mashine ionekane rahisi, kwa hiyo si busara kuzileta hapa kama zilivyo, lakini njia ya kuhesabu inafaa kuazimwa.

Hata wataalamu wakubwa hukosea wanapoitazama kazi kutoka nje. Geoffrey Hinton, ambaye mwaka 2024 alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na John Hopfield kwa mchango wao katika msingi wa teknolojia hii, alisema mwaka 2016 kwamba vyuo viache kufundisha madaktari wa kusoma picha za eksirei, kwa kuwa ndani ya miaka mitano kompyuta ingewashinda. Madaktari hao wangali wanahitajika. Kompyuta ilijifunza kutambua alama katika picha, na hicho ni kipande kimoja tu. Daktari huyo pia huzungumza na wenzake, hulinganisha picha na historia ya mgonjwa, na husaini majibu kwa jina lake.

Sisi wenyewe tumeshayaona hayo bila kuyapa jina. LUKU, yaani mita ya umeme ya kulipia kabla, ilipoenea, kipande cha kupita nyumba kwa nyumba kusoma mita kilikaribia kufa, lakini fundi wa kupanda nguzoni hakuguswa. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, hapakuwa na mtu aliyejiita wakala wa miamala, na leo ni vigumu kutembea kutoka Nkuhungu hadi Majengo bila kupita meza kadhaa za mawakala chini ya mwavuli.

Daftari la wiki mbili

Chukua kaunta buku na kalamu. Usitumie simu, kwa sababu simu itakupeleka kwingine. Kwa siku kumi za kazi, kila unapomaliza jambo, andika ulichofanya, nani aliyekuagiza, kilikuchukua dakika ngapi, na nani angeulizwa kama kingetoka na kosa. Usiandike cheo chako wala maneno ya kwenye barua ya ajira, kama vile "kuratibu shughuli za ofisi", kwa kuwa maneno hayo yanaficha kazi badala ya kuionyesha. Andika "nimempigia dereva simu mara tatu", "nimelitafuta jalada lililopotea masijala", "nimemtuliza mzazi aliyekuja na hasira".

Nilipofanya hivyo kwa kazi yangu, ukurasa wa Jumanne moja ulinishangaza. Niliandika kwamba nilichapa barua ya mwalimu anayeomba uhamisho, na kwamba ilinichukua dakika 35. Nilipoigawa, kuchapa kwenyewe kulikuwa dakika 8. Dakika 4 zilikwenda kwenye kupanga anwani na kutoa nakala. Zote zilizobaki, yaani 23, zilikuwa za kumuuliza anahama kwa sababu gani hasa, kwa sababu alikuja na sababu tano na mbili kati yake zilikuwa zinapingana, na kumshauri kwamba barua ipitie kwa mkuu wake wa shule kabla ya kwenda mbele. Bei niliyomtoza ilikuwa ya kuchapa. Kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikiuza kipande ambacho mashine inakiweza na kukigawa bure kile ambacho haikiwezi.

Sidhani kwamba mimi ni peke yangu. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi akiandika daftari kama hilo, atakuta kupogolea, kupiga dawa ya ubwiri unga, kusimamia vibarua, kukadiria siku ya kuvuna, kumtafuta mnunuzi na kuandika matumizi. Mkasi wa kupogolea utabaki mkononi mwake kwa muda mrefu, kwa kuwa roboti ya kuifanya kazi hiyo ingegharimu kuliko shamba lenyewe. Kuandika matumizi na kuandaa ujumbe kwa wanunuzi vinaweza kuhamia kwenye simu msimu huu. Dalali wa mahindi pale Kibaigwa yuko mahali pabaya zaidi, kwa maoni yangu, kama mapato yake yote yanatokana na kuijua bei kabla ya wengine. Akiwa ndiye anayelifungua gunia, kutia mkono hadi chini na kusema kama mahindi yamekauka, ana pa kusimamia.

Kuvipima vipande

Daftari likishajaa, pitia kila mstari na ujiulize mambo machache. La kwanza ni kama kipande hicho hurudi kwa sura ileile. Barua ya utambulisho ya leo ikifanana na ya jana isipokuwa jina na tarehe, hicho ni chakula cha mashine. La pili ni kama kila kinachohitajika kukifanya tayari kimeandikwa mahali fulani, au kiko kichwani mwako, kwenye jengo, au kwenye uso wa mtu aliyesimama mbele yako. Mashine hufanya kazi na kile ilichopewa, na ofisi zetu nyingi zinaendeshwa na mambo ambayo hayajawahi kuandikwa popote.

Swali ninalolithamini kuliko yote ni la nani ataulizwa. Kipande ambacho kosa lake litarekebishwa kwa kuchapa upya si sawa na kipande ambacho kosa lake litamkosesha mtu mkopo, dozi au kiwanja. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York pamoja na kampuni yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa sababu waliwasilisha mahakamani hoja zilizonukuu kesi ambazo hazikuwahi kuwapo. ChatGPT, programu ya akili mnemba ya kuandika na kujibu maswali, ndiyo iliyozitunga, nao hawakuzihakiki. Jaji hakuiita programu kizimbani. Popote pale katika daftari lako palipo na sahihi, muhuri au jina la mtu, weka alama nyekundu, kwa sababu hata mashine ikikiandaa kipande hicho, kuwajibika kunabaki kwako.

Kuijaribu mashine kwa kazi unayoijua

Watu wengi huijaribu akili mnemba kwa kuiuliza mambo wasiyoyajua, kisha huvutiwa na majibu wasiyoweza kuyapima. Fanya kinyume. Chagua kazi kumi ulizozimaliza mwezi uliopita, ambazo majibu yake unayo mkononi, uipe mashine zilezile, kisha ulinganishe mstari kwa mstari ukiwa na kalamu.

Kwa Kiswahili kuna mitego ambayo naipendekeza kwa kila anayejaribu. Iambie itafsiri kwa Kiingereza barua ya mwaliko wa kikao cha saa tatu asubuhi, uone kama itaandika 9 au 3. Ikiandika 3, wageni wako watatakiwa kufika kabla ya jogoo. Ipe sentensi yenye "laki mbili na nusu" na uhakikishe imetoka 250,000. Iandikishe kwa sauti jina la kata ya Ng'hong'honha, kisha utazame ilichoandika. Changanya maneno ya Kigogo, lugha ya wenyeji wa Dodoma, kidogo, kama wateja wangu wazee wanavyofanya bila kujijua, uone kama itakiri kwamba haijaelewa au itajaza pengo kwa uongo wenye adabu. Programu hizi zimefunzwa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza, na Kiswahili chao, ingawa kimeboreka sana tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, bado mara nyingine hunukia tafsiri.

Kosa lililonifundisha zaidi halikuwa la lugha. Kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa kiliniletea muhtasari wa kikao ulioandikwa kwa mkono kwenye daftari la shule. Niliupiga picha, nikaiagiza programu iuandike kwa Kiswahili sanifu, na ukatoka safi mno, wenye vichwa vya habari na aya zilizonyooka. Nilikagua tahajia na majina, nikachapa, nikapokea hela yangu. Kesho yake katibu wao alirudi na karatasi mkononi. "Kaka," akasema, "hapa mbona umetupatanisha?" Daftari lao lilisema kwamba wajumbe wawili walikataa faini ya kuchelewa ipandishwe kutoka shilingi 500 hadi 1,000. Karatasi yangu ilisema wajumbe wote waliafiki kwa kauli moja. Nilichapa upya bila malipo, lakini aibu haikuisha siku ile.

Sababu ya kosa hilo inafaa kueleweka, kwa kuwa itakuonyesha mahali pa kutazama. Programu za aina hii zimejengwa kwa kusoma maandishi mengi mno na kujifunza ni neno gani huelekea kufuata neno gani. Mwandiko ulipokuwa hafifu, ilijaza kile ambacho kwa kawaida hujaa hapo, na mihtasari mingi ya vikao duniani huishia kwa watu kuafikiana. Kwa hiyo usikague tu pale ambapo maandishi yamepinda; kagua zaidi pale yaliponyooka kuliko asili yake. Namba, majina, tarehe, neno "si" na neno "isipokuwa" yasomwe mara mbili, karatasi ya asili ikiwa pembeni.

Ukimaliza jaribio, hesabu muda kwa uaminifu, ukijumlisha na ule wa kukagua. Kwangu mimi, barua za kawaida ziliokoa zaidi ya nusu ya muda. Mihtasari ya mwandiko wa mkono haikuokoa kitu, na nimerudi kuichapa kwa vidole.

Si kila akili mnemba ni ya kuandika barua, na wasomaji walioko mashambani wasiache kujaribu kwa sababu hiyo. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania kwa kushirikiana na mashirika ya utafiti na kilimo, hutambua magonjwa ya mhogo kwa kutumia kamera ya simu, na inaweza kufanya kazi bila intaneti ukishaipakua. Ijaribu kwa njia ileile: anza na shina ambalo afisa ugani ameshalitambua, ndipo uende kwenye yale usiyoyajua.

Mambo yasiyotakiwa kuingia kwenye mashine

Unapobandika maandishi kwenye programu ya bure, maandishi hayo huondoka kwenye kompyuta yako na kwenda kwenye kompyuta za kampuni nyingine, mara nyingi nje ya nchi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya, za fedha na namba za kitambulisho cha taifa si vitu vya kuchezea. Dodoma ni mji wa ofisi, na barua nyingi zinazopita mikononi mwetu zina taarifa za mtu ambaye hayupo hapo kujitetea. Katika duka langu utaratibu ni kufuta jina, namba ya NIDA, namba ya simu na akaunti kabla ya kubandika chochote, kisha kuvirudisha kwa mkono wakati wa kuchapa. Utaratibu huo hupunguza kasi, na kijana ninayefanya naye kazi huulalamikia kila siku. Nyaraka za serikali zenye muhuri wa siri hatuzigusi kabisa.

Sheria hiyohiyo inakulinda pia ukiwa upande wa pili wa meza. Inampa mtu haki ya kumtaka kwa maandishi anayetumia taarifa zake ahakikishe kwamba uamuzi unaomwathiri kwa kiasi kikubwa hautegemei mashine peke yake. Ukikataliwa mkopo wa kwenye simu ndani ya sekunde chache, jua kwamba huenda hakuna binadamu aliyelisoma ombi lako, na unayo njia ya kudai asome.

Mwajiri akiitaja teknolojia

Daftari lako lina matumizi mengine ambayo natumaini hutayahitaji. Kwa walioajiriwa katika sekta binafsi Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu mahitaji ya kiteknolojia kuwa miongoni mwa sababu zinazoweza kumfanya mwajiri apunguze wafanyakazi, lakini haimruhusu afanye hivyo kimyakimya. Anatakiwa kutoa taarifa mapema, kueleza sababu, na kushauriana na wafanyakazi au chama chao kuhusu namna ya kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka na vigezo vya kuwachagua. Mfanyakazi aliyemaliza angalau miezi 12 hustahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, hadi miaka 10. Anayeona ameachishwa kinyume cha utaratibu hupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na siku hizo huenda haraka.

Katika mashauriano hayo, anayefika na daftari huzungumza tofauti na anayefika na kilio. Anaweza kusema kwamba kati ya majukumu 14 anayofanya, mfumo mpya unafanya manne, kwamba matatu yanahitaji mtu wa kuyakagua, na kwamba saba hayakuguswa kabisa. Bora zaidi ni kuyasema hayo kabla ya kuitwa: mwonyeshe mkuu wako kipande ambacho umeshakihamishia kwenye mashine na muda ulioupata, na pendekeza mwenyewe utumike wapi.

Gharama na mafunzo

Kuhusu fedha sitasema mengi. Matoleo ya bure ya programu hizi yanatosha kwa majaribio yote niliyoyaeleza. Kinachokula hela ni bando na simu yenye betri iliyochoka. Usilipie toleo la kila mwezi mpaka daftari likuonyeshe kwamba muda uliookolewa unazidi bei yake. Kuhusu mafunzo, jihadhari na semina za siku moja zinazouza vyeti kwa bei ya kiti na chakula cha mchana. Ukitaka kusoma kwa kina, Chuo Kikuu cha Dodoma kina ndaki yake ya TEHAMA. Kama hutaki kuwa fundi wa kompyuta, ongeza ujuzi katika kile kipande chenye alama nyekundu: karani wa uhasibu ajifunze ukaguzi, katibu muhtasi ajifunze kuandika dokezo kwa maneno yake, fundi wa pampu ajifunze kusoma vipimo ambavyo pampu mpya zinatoa.

Rudia daftari baada ya miezi sita, kwa kuwa programu hubadilika na kipande kilichoishinda mwezi Machi kinaweza kuwa kimelainika kufikia Septemba. Nilipolirudia langu, mistari ya kuchapa barua ilikuwa imepungua karibu nusu. Wateja wanaandikia nyumbani kwa simu. Mahali pake pameota mstari ambao haukuwamo kwenye daftari la kwanza. Mtu anafika na barua ndefu, isiyo na kosa hata moja la tahajia, anaiweka kwenye kaunta na kuomba nimsaidie ionekane ameiandika yeye. Hapo tunakaa, namuuliza anataka kusema nini hasa, tunakata maneno makubwa, tunarudisha saa tatu mahali pake, na tunaingiza ile sababu moja ya kweli ambayo simu haikuijua. Inachukua kama dakika 20. Kwenye orodha ya bei iliyobandikwa ukutani kuna kopi, kuskani, kulamineti na kuchapa. Hii bado sijaipatia jina la kuandika pale.